Mpagazi Namba Saba

Mtambo ulikuwa unatoa watu kitabuni. Pale Tabora waliuita kihuishi: unaulisha shajara ya msafiri wa kizungu wa zamani, unachambua kila sentensi, kisha mwanga unawasimamisha ukumbini watu aliowaandika, wakitembea na kusema. Wageni hupiga makofi. Siku hiyo mhandisi Kalunde hakuleta wageni. Alimleta bibi yake, Nyanzala, muuguzi mstaafu asiyejua kunong'ona.

Bibi alitaka jambo moja tu. Babu wa babu yake, Mihayo, aliondoka na msafara kama mpagazi, hakurudi. Kwao aliyefia ugenini huitwa nyumbani kwa kumwagiwa maji, lakini lazima ijulikane alikofia. Shajara ya mkuu wa msafara huo, aliyewaita wapagazi wake kwa namba, ilisema tu kuhusu kupotea kwake: "Leo Namba Saba ametoroka na sanduku la shanga." Tangu ichapishwe, ukoo mzima ukawa unaitwa wa mwizi.

"Anakuja, Bibi. Usishtuke."

Akaja, sanduku kichwani, akicheka kicheko kimoja kisichokoma. Chini ya sanduku palikuwa na meno. Uso haukuwepo.

"Yarabi! Uso wake uko wapi?"

"Msafiri hakuuandika. Aliandika kwamba anacheka ovyo kama mtoto, basi. Mtambo haubuni."

"Halafu akatuita sisi washenzi!" Bibi akasogea. "Mihayo!"

Hakugeuka. Kalunde akasema kwa aibu, "Saba." Kile kichwa kikageuka. Bibi hakurudi nyuma.

"Mbona anaburuta mguu?"

Kalunde akasoma shajara kwenye kioo cha mtambo. "Siku mbili kabla ya kutoroka: 'Saba mvivu, anasingizia mguu. Umevimba hadi gotini na unanuka.'"

Bibi akapiga magoti, akautazama mguu wa mwanga kwa muda mrefu.

"Umeoza huu. Nimeuguza ya namna hii miaka arobaini. Mwenye mguu huu hatoroki, mjukuu wangu, tena na sanduku zito vile. Huachwa."

"Na shanga?"

"Waulize wenye miguu mizima. Siku hiyo walipiga kambi wapi?"

"Kando ya mto Ugalla."

"Basi yuko hapo." Bibi akalia kwa sauti, bila kujificha. Kisha akafungua chupa yake, akamwaga maji kwenye sakafu ile inayong'aa. "Mihayo, hukuiba. Tua mzigo, babu."

Kicheko kikakatika. Yule mtu akatua sanduku, akaketi, akaushika mguu wake.

Kalunde aliipekua shajara mara tatu. Hakuna mahali msafiri alipoandika kwamba Saba aliketi.