Mtu Nyuma ya Michongoma

Kila Jumamosi Linah alifua sare yake ya shule, akamnywesha ndama maji, kisha akamsaidia mama yake kusonga ugali. Jumamosi hiyo alipanga viti uani pia, kwa kuwa zamu ya jumuiya ilikuwa imefika kwao. Familia tisa za Wakatoliki wa sehemu yao ya Dundori zilikutana kila wiki saa tisa mchana katika nyumba ya mmoja wao. Walisoma Injili, wakaimba, wakanywa chai.

"Mama, yule mtu atakuja na huku?" Linah aliuliza akipangusa benchi.

Mama yake, Celestine, alitupa jicho barabarani kabla ya kujibu. "Akija, usimsogelee."

Mtu huyo aliitwa Kipngetich. Alikuwa kibarua wa kuvuna viazi katika shamba la Bwana Kibii. Alikuwa ametoka Ndabibi, na hakuna aliyewajua watu wake. Kwa wiki sita, popote jumuiya ilipokutana, yeye alisimama nyuma ya ua wa michongoma, akiandika katika kijidaftari. Alijuaje nyumba ya kwenda? Na kile kijidaftari kilikuwa cha nini?

Kabla wimbo wa kwanza haujaisha, Linah aliona kofia ya kahawia juu ya michongoma.

"Amefika," alimnong'oneza jirani yao, Mama Immaculate.

"Nimemwona. Na kuku wangu wawili walipotea juzi tu."

Siku hiyo watu walisali jicho moja likiwa wazi.

Sala ilipokwisha, Mzee Kosgei, mwenyekiti wa jumuiya, alisimama. "Huyu anaandika nyumba zetu. Anajua nani ana ng'ombe na nani ana mlango mbovu. Jioni hii namwendea Kibii amfute kazi."

"Mlango mbovu ni wako, mzee," Mama Immaculate alimtania. Watu walicheka kidogo, wakageuka tena kutazama ua.

"Labda anataka kusali tu," Celestine alisema.

"Kama anataka kusali, amngoje katekista amfundishe dini. Kualika watu ni kazi ya katekista, si yetu." Mzee Kosgei alimgeukia Linah. "Wewe una macho mazuri. Ulimwona akiandika?"

"Nilimwona."

"Anaandika nini?"

"Sijui, babu."

"Basi twende wote kwa Kibii, useme ulimwona akiandika. Inatosha."

Linah alikuwa amemwona kweli, lakini maneno hayo nusu yangemfanya mtu akose kazi. Alimimina chai kikombeni, akaanza kutembea kuelekea ua.

"Linah," mama yake aliita. Linah akasimama, akidhani atakatazwa. Celestine alimshika mkono. "Twende pamoja."

Kipngetich alipowaona, alificha daftari haraka mfukoni.

"Habari, anko. Chai hii ni yako," alisema. "Watu wanauliza unaandika nini."

Mtu yule alimtazama Celestine kwanza. "Si kitu kibaya, mathe." Kisha akamkabidhi Linah daftari.

Ndani mlikuwa na nyimbo zilizoandikwa nusunusu, na maswali. *Kwa nini mchungaji aliwaacha kondoo tisini na tisa akamtafute mmoja?* Chini ya kila ukurasa palikuwa na jina la nyumba.

"Mwishoni huwa mnatangaza kwa sauti mtakapokutana wiki ijayo," alieleza. "Naandika nisisahau."

"Mbona hukuingia?" Celestine aliuliza.

"Kwetu mtu haingii boma la watu bila kukaribishwa. Nilikuwa nangoja."

Linah alirudi na daftari, akalisoma mbele ya wote. Mama Immaculate aliinama. Asubuhi ile alikuwa ameona manyoya ya kuku penye kibanda cha mbwa wake mwenyewe, na hakumwambia mtu.

Celestine alikuwa ameshafungua lango. "Karibu," alisema.

Jumamosi iliyofuata katekista Makhanu alifika kwa ziara yake ya kila miezi miwili.

"Tumekuletea mtu umfundishe," Mzee Kosgei alimwambia.

Makhanu alipoelezwa yote, aliuliza, "Nani kati yenu alimwona pale nyuma ya ua?"

Mikono yote ilipanda.

"Kwa wiki ngapi?"

"Sita," Linah alijibu.

"Mimi sikumwona hata mara moja. Nina jumuiya kumi na moja na baiskeli moja. Mungu hakunituma mimi peke yangu. Kila aliyebatizwa ametumwa, mkulima, mama wa nyumbani, hata huyu Linah. Mlimshuku kwa wiki sita, na neno moja tu la kumkaribisha lingetosha."

Mzee Kosgei alivua kofia. "Kipngetich, nilitaka ufutwe kazi. Nisamehe."

"Nilisikia, mzee. Michongoma haizuii sauti."

Safari hii walicheka kwa raha. Makhanu akaketi, akapokea kikombe. "Haya, ana swali kuhusu wale kondoo. Nani atamjibu? Mimi leo nimekuja kunywa chai."

Mzee Kosgei alikohoa, akavuta kiti chake hadi alipokaa Kipngetich, akaanza.