Gramu Hamsini na Tano za Mpangaji

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, duka la vyakula na dawa za mifugo lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Wafugaji wa kuku walipishana na magunia mabegani, na harufu ya pumba na samaki waliosagwa ilikaba koo. Katikati ya msukumano huo mwanamume mrefu, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi, alikuwa ameinama juu ya mizani ya kaunta, akiweka mawe ya shaba moja baada ya jingine. Alikuwa mkaguzi wa mizani, yupo kazini, na watu wazima ishirini walimsubiri kwa adabu.

Aliyechoka kusubiri alikuwa mwanamke wa gauni la bluu na kitambaa cha manjano kichwani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, na mkononi alishika mfuko wa plastiki wa chakula kilichochotwa kwa kopo.

"Kaka, ukimaliza kuikagua hiyo mizani, utuachie na sisi tuitumie. Nina mtu nyumbani hajala siku nne."

"Mtu gani?"

"Paka."

Mkaguzi aliutazama ule mfuko, kisha akamtazama yeye. "Dada, hicho ni cha mbwa."

"Muuzaji amesema ni kilekile."

Muuzaji akageuka kupanga chupa za dawa ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Si kilekile. Paka anahitaji nyama zaidi kuliko mbwa. Akilishwa cha mbwa muda mrefu, moyo na macho yake huharibika."

"Kumbe unafuga."

"Sifugi. Ninasoma vibandiko. Ndiyo kazi yangu."

Fundi saa akacheka mpaka mzee mwenye gunia nyuma yake naye akacheka bila kujua sababu. Alitoka dukani na mfuko uliofungwa kiwandani, wenye picha ya paka na maandishi madogo kila upande, na namba ya simu ya mkaguzi ikiwa imeandikwa nyuma ya risiti, kwa ajili ya maswali ya chakula, kama alivyosisitiza mwenyewe.

Maswali yalikuwa mengi kuliko chakula.

Paka huyo alikuwa dume la kijivu lililoachwa na mpangaji wa ghorofa ya juu, aliyehama na kila kitu isipokuwa yeye. Fundi alimkuta ngazini, akamchukua, na kwa kuwa hakumjua jina, akamwita Mpangaji. Siku za mwanzo alikataa kila kitu. Fundi akachemsha samaki bila chumvi, akammwagia mchuzi wake juu ya chakula kikavu, ndipo paka akaanza kulamba, kisha kutafuna.

"Anakula," alimwambia mkaguzi kwenye simu.

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kushiba, baba. Wewe huwa unakula kiasi gani?"

"Kibandiko kinasema gramu hamsini na tano kwa siku kwa paka wa kilo nne."

"Haya, Bwana Gramu. Njoo umpime mwenyewe."

Alikuja kweli. Alikuja na mizani ndogo ya jikoni, imefungwa kwa karatasi ya zawadi.

"Wenzako huleta manukato," fundi alisema, akiigeuza mikononi.

"Manukato hayamsaidii Mpangaji."

"Na mimi je?"

Mkaguzi, ambaye hakuwa amezoea kukosa jibu, alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba ule unyamavu wenyewe ukawa jibu. Fundi aliupenda. Kwake palikuwa na saa kumi na saba ukutani, kila moja na sauti yake, na alimpenda mtu anayeweza kukaa katikati ya sauti hizo bila kuongeza ya kwake.

Dada yake mkubwa hakushangazwa. "Huyo mwanamume atakupima hata mapenzi, mdogo wangu."

"Apime tu. Yapo ya kutosha."

Katika wiki ya tatu mkaguzi aliona sufuria ya mchuzi wa samaki jikoni.

"Hiki nacho ni nini?"

"Mchuzi wake. Bila huo hafurahii."

"Mpenzi, waliotengeneza chakula hiki wamekwisha kupiga hesabu. Ukiongeza vitu pembeni unaiharibu hesabu yao. Mwachie chakula kikavu, na maji kwenye bakuli. Inatosha."

"Maji hayanywi. Nimemsikiliza. Siku nzima sisikii ulimi kwenye bakuli."

"Atakunywa akipata kiu."

Fundi alisita, kisha akaiosha sufuria na kuirudisha kabatini. Alikuwa ameanza kumpenda mtu huyo, na mwenye kupenda huona kukubali ni rahisi kuliko kubishana. Miezi miwili ikapita kwa raha. Jioni walikaa dirishani, yeye akiwa na lenzi jichoni na saa ya mteja mezani, mkaguzi akimsomea gazeti, na Mpangaji amelala juu ya viatu vya mgeni.

Jumatano moja asubuhi fundi alisikia mchanga wa sanduku la haja la paka ukiparuliwa. Ukaparuliwa tena, na tena. Kisha ikaja sauti nyembamba, ya kubana, ambayo hakuwahi kuisikia kwa paka huyo. Akapiga simu.

"Amekwenda kwenye sanduku lake mara tisa. Anajikunja, hakitoki kitu. Sasa ametapika."

"Jana ulimpa gramu ngapi?"

"Hamsini na tano, kama siku zote."

"Basi si chakula. Atakuwa amefunga choo tu. Ngoja, nikitoka kazini jioni nitapita."

Fundi hakungoja. Alimtia Mpangaji ndani ya katoni, akaifunika kwa khanga, akakodi teksi hadi kwa daktari wa wanyama. Daktari, mama mwenye mvi na mikono mipana, alimbonyeza paka tumboni mara moja tu, akamwita msaidizi wake.

"Mkojo umeziba, mwanangu. Kibofu kimekuwa kigumu kama limau. Ungengoja jioni, ungemzika."

"Ni chakula?"

"Si jambo moja tu. Madume wengine wameumbwa na njia nyembamba. Huyu, umesema, aliachwa na mwenyewe, ana hofu, hatoki nje. Lakini maji ndiyo yangemsaidia. Alikuwa anapata majimaji yoyote kwenye chakula?"

"Alikuwa anapata," fundi alisema. "Nikaacha."

Alimpigia mkaguzi akiwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, akamweleza yote, hata lile neno la kuzika.

"Nipe muda," mkaguzi alisema. "Nataka kukikagua kile chakula." Akakata simu.

Hakuja jioni hiyo. Hakuja Alhamisi. Ijumaa dada mkubwa alileta habari: "Bwana wako yuko kwenye lile duka la mifugo tangu asubuhi. Ameishusha mifuko yote ya chakula cha paka kutoka kwenye rafu, anapima mmoja mmoja. Watu wanamshangaa."

Fundi akapiga. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na umepata nini?"

"Sijamaliza."

"Mpangaji ana mpira kwenye njia ya mkojo, amefungwa kola asijiume, na wewe unapima mifuko. Maliza kazi yako. Mimi usinipigie tena."

Haki inataka isemwe kwamba mtu huyo hakuwa na moyo wa jiwe. Katika shule ya bweni alikosoma alikuwa kiranja kwa miaka minne. Aliandika makosa ya wenzake daftarini kila siku, na jina lake mwenyewe halikuandikwa hata mara moja. Rekodi hiyo aliibeba ukubwani kama wengine wanavyobeba nishani. Ofisini hakuwahi kurekebishwa. Sasa alisimama katika duka la mifugo akiomba, kwa namna ambayo angeona aibu mtu kuijua, mfuko mmoja uwe na upungufu, au kibandiko kimoja kiwe na uongo.

Mfuko wa kumi na moja ulikuwa wa mwisho. Uzito ulikuwa sahihi. Aliugeuza, akasoma tena maandishi yote hadi mstari wa chini kabisa, ulioandikwa kwa herufi ndogo: paka asiyekunywa maji ya kutosha alainishiwe chakula. Alikuwa ameusoma mstari ule siku ya kwanza. Aliukumbuka hata ulipo. Aliuona haumhusu Mpangaji, kwa sababu maji yalikuwapo bakulini.

Muuzaji alimsogelea. "Mkubwa, kuna tatizo?"

"Hapana," mkaguzi alisema. "Duka lako halina kosa." Akairudisha mifuko yote kwenye rafu kwa mikono yake.

Jumapili alasiri alipanda ngazi za ghorofa ya fundi, akagonga. Mlango ulifunguliwa nusu. Fundi alikuwa amevaa dera la nyumbani, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, na kutoka ndani saa zote zilisikika.

"Umeleta ripoti?"

"Sina ripoti. Mifuko kumi na moja, yote iko sawa. Nilitaka mmoja uwe na kosa."

"Kwa nini?"

"Ili lisiwe langu."

Mkaguzi akaendelea, akitamka kila neno polepole kama mtu asomaye lugha ngeni. "Mchuzi wako ulikuwa sahihi, mimi nikauzuia. Uliponiambia hanywi, sikukusikiliza. Ukanipigia anaumwa, nikasema ungoje. Ungenitii, angekufa."

"Mchuzi niliuacha mwenyewe. Mikono ni yangu. Siwezi kukutwika huo mzigo."

"Basi nini?"

"Lile benchi." Akaegemea ukingo wa mlango. "Nimekaa siku nne kwenye lile benchi nikiusikia mlango ukifunguliwa, kila mara si wewe. Sikuhitaji mtu aliye sahihi. Nilihitaji mtu wa kukaa pembeni yangu."

"Niliona aibu."

"Ungeiona pale, tukiwa wawili."

Mkaguzi aliinamisha kichwa. Hakuwa na utetezi, na kwa mara ya kwanza hakuutafuta.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai. Amekojoa jana saa saba mchana, daktari na mimi tukashikana mikono kama wakwe." Tabasamu lilimponyoka, akalirudisha. "Sasa niambie. Ukikosea tena?"

"Nitakosea," mkaguzi alisema. "Lakini nitakuja siku hiyohiyo."

Fundi alimtazama kwa makini, kama anavyotazama saa iliyokwisha kutengenezwa lakini bado haijaaminiwa. Chini, kwenye upenyo wa mlango, pua ya kijivu ilichungulia, ikanusa ngazi.

"Ingia, basi," alisema, akimzuia paka kwa mguu. "Na ufunge mlango, asije akatoka."