Mabenchi ya Jumapili

Kila asubuhi, jua likiwa bado limejificha nyuma ya mipaini, Anneth alimfunga mdogo wake Idda mtandio kichwani, akamvalisha sweta juu ya sweta, akamshika mkono na kumpeleka shule. Kijiji chao, Idunduma, kimekaa juu ya kilima upande wa Makambako, na baridi ya mwezi wa Julai huko haina mzaha. Umande huganda juu ya majani, na ukiyakanyaga yanalia chini ya kiatu kama chumvi ya mawe.

Safari ya Idda ilikuwa fupi, lakini haikuwa hivyo siku zote. Zamani kidogo, watoto wadogo wa Idunduma walilazimika kuvuka mto na kupita msitu mzima mpaka shule mama, ile anayosoma Anneth darasa la sita. Mvua zikinyesha, mto ulijaa na wadogo wakabaki nyumbani. Basi wazazi wakaitana msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji kizima. Wanaume walifyatua matofali, kina mama wakapandisha maji kutoka mtoni, na hata bibi wanaotembelea fimbo walibeba tofali mojamoja. Anneth hakuisahau siku ukuta ulipofika usawa wa bega la babu yake. Hakuwa akijua kwamba watu anaowaona kila siku wakilima viazi wangeweza kuitoa shule ardhini vilevile, kama wanavyovitoa viazi vyao.

Wakaiita shule shikizi, maana imeshikizwa kwenye shule mama kama kifungo kwenye koti. Ilikuwa na darasa la kwanza na la pili, na mwalimu mmoja, Mwalimu Erica. Ila dawati halikuwamo hata moja. Watoto walikaa sakafuni, juu ya viroba vitupu vya mbolea, na saruji ya Julai haiishii kwenye nguo, inapanda mpaka mifupani. Idda alianza kukohoa. Akakohoa mchana, akakohoa usiku.

"Dawa nitampa," mganga wa zahanati alimwambia mama yao, Fidelia. "Lakini mama, huyu mtoto akiendelea kukaa chini kwenye baridi, mimi na wewe tutakuwa tunaonana hapa kila wiki."

Mama alipokea dawa. Angefanya nini? Shule ni ile ile, na sakafu ni ile ile.

Ndipo habari ikafika kwamba afisa elimu wa halmashauri anakuja kuiona shule shikizi. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Babu Hosea, babu yao Anneth na Idda, mzee mwenye kofia ya sufu asiyoivua ila kanisani. Alisimama katikati ya darasa tupu, akakuna shingo.

"Mgeni mkubwa hivi, tumwoneshe viroba?" alisema. "Haiwezekani."

Siku ya kuamkia ugeni, wavulana na wasichana wa darasa la sita waliitwa kubeba mabenchi ya kanisa la Kilutheri na kuyateremsha hadi shule shikizi. Mchungaji alikuwa safarini, na mzee wa kanisa wa kuombwa ruhusa alikuwa ni huyohuyo Babu Hosea. Alijiomba, akajikubalia.

"Nikifa leo," alihema Edward, aliyeshika ncha ya pili ya benchi la Anneth, "mwambieni mchungaji nimekufa nimebeba kanisa."

"Tembea wewe," Anneth alimwambia. "Marehemu hasemi."

Walipoliweka chini, Anneth alimsogelea babu yake. "Babu, mgeni si atadhani ni ya shule?"

Babu Hosea alicheka. "Mjukuu wangu, wakwe walipokuja kumposa shangazi yako, viti tulitoa wapi? Kwa jirani. Sufuria? Kwa jirani. Hata jogoo alikuwa wa jirani. Wakala, wakashukuru, wakaenda zao. Nani aliitwa mwongo?"

Anneth alilinyoosha benchi likae sawa. Ni kweli, Idunduma nzima iliishi hivyo. Kulikuwa na viti vinne vya mwalimu mmoja mstaafu ambavyo vilikuwa vimehudhuria posa zote za kijiji.

Kesho yake gari lenye matope mpaka madirishani lilisimama uwanjani, akashuka mama mmoja mfupi aliyevaa buti za mvua. Alikuwa Madam Prisila, afisa elimu.

"Kamwene," aliwasalimu wazee, na wazee wakafurahi kusalimiwa kwa Kibena na mtu wa ofisini.

Darasa la sita walikuwepo kwa ajili ya kuimba, hivyo Anneth aliona yote. Madam Prisila hakwenda kwenye kiti alichowekewa. Aliingia chooni kuangalia kama kuna maji ya kunawa. Alionja uji. Kisha akaweka kiganja chake ukutani.

"Nani amejenga?"

"Sisi wenyewe, Madam," alijibu Babu Hosea.

Kiganja cha mama yule bado kilikuwa pale pale. "Mnajua," alisema, "kila asubuhi nikiamka, naziita shule zangu mojamoja kichwani, kama mtu anavyotafuta vifaranga vyake. Kuna moja upepo umeezua paa. Kuna moja mwalimu ni mmoja na anaumwa. Nyingine maji yamekatika. Sijamaliza kuziita zote, chai imeshapoa. Leo ninyi mmenipumzisha."

Anneth alimkodolea macho. Siku zote alidhani shule ni ile yake tu, na ile ya Idda. Sasa aliziona zimetawanyika milimani, kila moja na kengele yake na ukungu wake, na mama huyu mfupi amezibeba zote kichwani bila kuinama.

Madam Prisila aliingia darasani, akayatazama mabenchi. Watoto walikuwa wamekaa kimya, vitabu vyao juu ya ule ubao mwembamba ambao watu wazima huwekea vitabu vya nyimbo.

"Haya," alisema. "Si madawati, lakini mtoto hagusi sakafu. Nawaambia ukweli, wiki ijayo nina lori moja la madawati ya watoto wadogo. Ni moja tu. Nilikuwa nimewawekea ninyi, maana nilisikia watoto wa Idunduma wanakaa chini. Nashukuru nimekuta sivyo. Litakwenda shule nyingine, ambako wanabanana."

Mwalimu Erica alifungua mdomo, akamtazama mwenyekiti, akaufunga. Babu Hosea aliitazama buti ya mgeni kana kwamba jibu limeandikwa kwenye tope.

Idda akakohoa. Kikohozi kile kikavu, kirefu. Alikuwa amekaa benchi la mbele, miguu yake ikining'inia hewani, maana benchi lilikuwa la watu wazima.

Kumwaibisha babu mbele ya mgeni ni jambo ambalo mtoto aliyelelewa halifanyi hata ndotoni. Lakini lori ni moja. Likishapita, limepita, na Idda atarudi kwenye kiroba.

"Babu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua kwa udogo wake. "Jumapili watu watakaa wapi?"

Babu Hosea alifumba macho.

Madam Prisila aligeuka. "Umesemaje, mwanangu?"

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Sema, usiogope."

"Mabenchi ni ya kanisani. Tuliyabeba jana sisi darasa la sita. Kila siku hawa wanakaa chini. Tulitaka tu mgeni akute pazuri."

"Umetumaliza," alinong'ona Edward nyuma yake.

Hapo Babu Hosea akavua kofia yake ya sufu, mbele za watu, na si kanisani. "Mtoto amesema kweli, Madam," alisema. "Na yeye alibeba tu. Wazo lilikuwa langu."

Madam Prisila aliwatazama wote wawili. Hakugomba.

"Yatoeni nje," alisema.

Mabenchi yakatolewa. Watoto, bila kuambiwa, walikimbilia pembeni, wakachukua viroba vyao na kutandika kila mtu mahali pake. Madam Prisila akavuta kiroba kimoja, akakitandika kando ya Idda, akaketi chini na buti zake.

"Mwalimu, fundisha," alisema. "Leo mimi ni darasa la kwanza."

Mwalimu Erica akafundisha. Kipindi kizima mama yule alikaa sakafuni na watoto. Mwanzoni watoto walichekacheka, kisha wakamsahau. Wazee walisimama dirishani. Anneth alikuwa ameona wakubwa wakiketi viti vya mbele, wakipewa soda, wakipigiwa makofi. Mkubwa wa kuketi juu ya kiroba cha mbolea hakuwa amemwona, na hakujua kwamba kuketi chini kunaweza kumfanya mtu aonekane mrefu namna ile.

Kipindi kilipokwisha, Madam Prisila alishika ukuta kuinuka, magoti yakamgoma. Alijikung'uta vumbi.

"Sasa nimekagua," alisema.

Akamgeukia Babu Hosea. "Mzee wangu, mimi Idunduma sina macho mengine, nina haya mawili na vinywa vyenu. Mkinifunga macho na vinywa mkafumba, nitawaongozaje? Lori litakuja hapa. Wale wanaobanana watasubiri kidogo. Kubanana si sawa na sakafu. Ila njooni Makambako mpakie wenyewe."

Wiki iliyofuata Anneth alikwenda Makambako na babu yake, mama yake na wazazi wengine. Karakana ilinukia utomvu wa paini, na madawati yalikuwa yamepangwa juu kuliko urefu wa nyumba, kila kundi limeandikwa kwa rangi jina la shule yake. Anneth alitembea katikati yake akisoma majina, kwa sauti ndogo, kama aliyeko kanisani. Mengine hakuwahi kuyasikia. Halafu akaliona: IDUNDUMA.

"Mbao hizi zimetoka wapi?" aliuliza.

"Msitu wa halmashauri," alijibu Vitus, fundi wa karakana. "Ile mipaini walipanda wanafunzi, zamani sana."

Mama yake, Fidelia, akaacha kubeba. "Msitu wa kule juu ya mto? Si ni sisi tuliupanda. Kila mtoto alipewa mche wake. Siku ile nililia kwa baridi, nikasema, tunapanda mti wa nini, mimi nitakuwa mzee kabla haujakua."

Anneth aliweka kiganja chake juu ya dawati, kama Madam Prisila alivyokiweka ukutani. Mama yake alikuwa mtoto, akilia kwa baridi, na alikuwa ameshaanza kumtengenezea Idda mahali pa kukaa.

Siku madawati yaliposhushwa, Idda alikaa, na nyayo zake zikagusa ubao wa chini. Akazisogeza huku na huku kuhakikisha. Kikohozi hakikuisha siku hiyo, lakini kabla ya viazi kuvunwa, mama alikuwa ameacha kwenda zahanati.

Mabenchi Babu Hosea alikuwa ameyarudisha, na benchi la kwanza alilibeba yeye na Edward. Jumapili baada ya ibada, wakiwa bado wamekaa kanisani, alimwita Anneth akae karibu naye.

"Siku ile ulinivua kofia," alisema.

"Nisamehe, Babu."

"Nikusamehe nini? Nilikuwa nimewachanganya wageni. Mgeni akija kula kwako, mwazimie kiti, hiyo ni heshima. Lakini mgeni akija kukusaidia, mwoneshe pale pale unapokaa, hata kama ni chini. Ukimficha, atamsaidia mwingine, na kosa halitakuwa lake." Alivaa kofia yake, kisha akakumbuka yuko kanisani, akaivua tena. "Haya, kamwite Edward. Nimeleta miche ya paini. Tukaipande nyuma ya shule, na Idda apate wake."