Udongo Mbichi kwenye Jembe

Ujumbe wa wakubwa wake wa Kasulu uliingia kwenye simu ya Nurudini, Tecno, akiwa msibani.

"Maharage yaondoke leo."

Maana yake ni moja. Bunduki zilizovushwa mpakani zipatikane leo, kabla hazijafika kwa majambazi wa Kibondo. Zilifichwa hapahapa Munanila. Wapi, hakujua.

Mwaka mzima shushushu huyu ameishi hapa kwa jina la Gharibu, mnunuzi wa maharage. Hana mke, hana hata paka. Rafiki yake mmoja tu, Reverien, kila Jumapili humwita kula kwake. Usimcheke. Kula peke yako kila siku kunachosha, bwana.

Marehemu alikuwa Ndayikeza, dereva wa bodaboda. Alipigwa risasi, pikipiki yake ya Boxer ikachukuliwa. Mjane wake, Pelagia, alitaka silaha zote zikusanywe, hata magobore ya wawindaji. Wanaume wakabisha: sheria inambana mwenye kibali, jambazi anatamba.

Reverien alichelewa kufika. Alikuja na jembe, kama wanaume wote waliokuja kufukia kaburi. Akasema kila nyumba iruhusiwe bunduki.

Nurudini alitazama lile jembe.

Udongo mbichi.

Kaburi lilichimbwa kwenye udongo mwekundu. Huu ulikuwa mweusi, wa bondeni. Na hapa hakuna anayelima wakati marehemu hajazikwa. Hata mlevi anajua hilo.

Moyo ulimuuma, tena sana.

Aliteremka bondeni, kwenye shamba la Reverien. Tuta moja la viazi lilikuwa jipya. Akafukua kwa mikono. Turubai. Chini yake, AK-47 zimelala.

Hatua nyuma yake.

Aligeuka. Reverien alikuwa ameshika bastola, lakini Glock ya Nurudini ilikuwa imeshamwelekea kifuani.

"Weka chini, ndugu yangu."

Reverien akaiweka.

"Ni biashara tu," alisema. "Watu wenyewe wanazitaka. Si umewasikia?"

"Nimemsikia Pelagia."

Akamfunga pingu. Akawasha redio ya upepo.

"Kasulu, maharage yamepatikana. Leteni gari."

"Tumepokea."

Land Cruiser ilipofika, Reverien alimtazama kwa mara ya mwisho.

"Jumapili wanangu watakuulizia."

Nurudini akafunga mlango wa gari.

Alirudi msibani. Jembe lilikuwa palepale Reverien alipoliacha alipomfuata bondeni. Akalichukua, akafukia kaburi na wenzake hadi mwisho.

"Asante, Gharibu," Pelagia alimwambia.

Hilo si jina lake. Akaitika hivyohivyo, akaegemeza jembe ukutani, akashika njia ya Kasulu peke yake.