Nyasi za Ndani ya Uzio

Siku ile ya mwaka 1984, pale Rugera, walikuwepo Deodatha na mwanawe Placidius wa siku kumi, mama mkwe wake Kokwijuka, na jirani yao Mukashema, mhamiaji wa karibuni, aliyeleta mzigo wa nyasi kumtandikia mzazi sakafu. Yustus, baba wa mtoto, alikuwa shambani.

"Waitu, ndugu yangu, laini hivi umezikata wapi?" Deodatha aliuliza.

"Uliza miguu yangu ilivyochoka!" Mukashema alicheka, akimtupia jicho Kokwijuka.

Ndani ya nyasi, yasipoonekana kwa juu, mlikuwa na maua ya okidi, ya zambarau, kila moja na mdomo wazi. Hayo yalimea mahali pamoja tu: ndani ya uzio wa tangi la maji, ambako tangu mafundi waondoke hapakuingia jembe wala ng'ombe. Kila mwenyeji alijua pana mwenyewe, asiyeonekana.

Mchana uleule Placidius alikataa titi. Harufu tamu, kama ya ndizi zilizofukiwa ziive, ilijaa chumbani. Nyasi zikalia kwacha, kwacha, na hakuna aliyetembea. Siku ya pili mtoto hakulia tena, alifuata tu kwa macho kitu kilichozunguka kitanda, kikasimama upande wa titi alilopewa, kikamwinamia, naye akafumba mdomo na kugeuka, huku maziwa yakimtiririka mama bure na nyasi zikibonyea taratibu kwa uzito usioonekana.

"Ni Mukashema," Deodatha alimnong'oneza mumewe. "Alitabasamu mno. Mtu hawi mwema bure."

Yustus akamleta mganga Gosbert. Alinusa mlangoni, hakuingia.

"Lile la ndani ya uzio limealikwa. Aliyelialika alirudishe kwa mikono yake, la sivyo litabaki na mtoto."

Mukashema akaitwa. Alipiga magoti akilia, bila kumtaja mtu.

"Nitazibeba nyasi, nizirudishe," alisema.

"Mwache!" Kokwijuka akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nilimtuma, yeye mgeni, hakujua. Nilitaka mjukuu wangu akaribishwe na nyasi nzuri kuliko za wote."

Kokwijuka akazikusanya nyasi hadi jani la mwisho, akajitwika. Kabla hajaufikia uzio, Placidius alishika titi, akanyonya kwa pupa. Deodatha akaushika mkono wa Mukashema, akamwinua.

Kokwijuka alirudi jioni. Hakuonja chakula tena; alifumba mdomo na kugeuka, kama mjukuu wake alivyofanya. Walimzika siku ya kumi na tisa tangu arudi.