Mistari Mitatu Mgongoni

"Sita, Sita, hapa Makao. Lori liko wapi?"

"Mbele yangu. Mita mia tatu."

"Usilipoteze."

Maneno kama hayo hayajibiwi ukiwa juu ya pikipiki inayokimbia kilomita mia na kumi kwa saa. Mpole alilala juu ya tangi la Yamaha, akalipita basi la wafanyakazi kwa upana wa kiganja, akarudi kwenye njia yake. Ilikuwa saa tano asubuhi na jua lilikuwa limeshakolea.

Lori lilikuwa la kijani, na ubavuni limeandikwa UHAMIAJI kwa rangi nyeupe. Ndani yake walikuwemo watu ishirini na watatu waliokamatwa sokoni saa moja iliyopita. Walipanda bila ubishi, maana mtu asiye na karatasi akiona sare hutii tu.

Lori lilikuwa bandia. Sare zilikuwa bandia. Watu ndio walikuwa wa kweli.

Mmoja wao alikuwa Mama Pasi, na alikuwa amejipandisha mwenyewe.

Mama Pasi alifanya kazi kwa dobi aliyeshika zabuni ya kufua sare za Idara ya Uhamiaji. Kwa miaka tisa alinyoosha mashati ya watu ambao, kama wangemwomba kitambulisho, wangemfukuza nchini siku hiyohiyo. Jambo hilo lilimchekesha. Redio ya pale dukani ilipokuwa ikirusha mjadala wa Bunge kuhusu muswada wa wageni, mbunge huyu akisema wanaiba kazi, yule akisema nao ni binadamu, Mama Pasi aliendelea tu kusukuma pasi.

"Hao wote kola zao nazijua," alisema. "Uchafu ni uleule."

Mpole naye alikuwa mteja wake. Wiki tatu nyuma alikwenda kuchukua mashati, mama huyo akamshika mkono juu ya kaunta.

"Wewe ni askari wa siri."

"Nani kakwambia?"

"Mashati yako yana mafuta ya bastola kwapani. Nisikilize, mwanangu. Mdogo wangu amechukuliwa na lori la Uhamiaji. Idara wanasema hawamjui. Na waliomchukua si Uhamiaji."

"Umejuaje?"

"Shati la Uhamiaji lina mistari mitatu ya pasi mgongoni. Ni amri yao, na anayeipiga ni mimi. Wale walikuwa na miwili."

Kwa mistari hiyo Mpole alilinusa genge zima. Wakati nchi nzima ikibishana nani afukuzwe, majambazi wanne walijivisha sare, wakawa wanakusanya watu mchana kweupe na kuwauza kwenye migodi ya mbali. Nani angeuliza? Majirani walidhani ni serikali. Serikali ilidhani watu wamekimbia.

Kilichokosekana ni mahali walipofichwa. Mama Pasi akajitolea kukamatwa, huku kifaa cha kufuatilia, kidogo kama kifungo, kikiwa kimeshonewa kwenye pindo la gauni lake. Mkuu wa Mpole akaahidi barua za ukaazi kwa mama huyo na mdogo wake.

"Neno langu," alisema Mkuu.

Mpole akalipeleka neno hilo kwa dobi kama lilivyo. Mama Pasi aliliamini kwa sababu aliyelileta alikuwa yeye.

Lori lilikata kushoto, likaingia kwenye kiwanda cha matofali kilichokufa siku nyingi.

"Makao, nimefika. Wako wanne. Naingia."

"Subiri msaada. Dakika ishirini."

Mpole alichomoa kifaa cha sikioni, akakitia mfukoni.

Bomu la moshi lilitangulia. Yeye akafuata. Wa kwanza alikula kitako cha Beretta usoni. Wa pili alipigwa risasi ya bega kabla hajaikoki bunduki yake. Wa tatu alitupa silaha na kulala chini mwenyewe, mikono kisogoni. Wa nne, kiongozi wao, alimkaba Mama Pasi shingo na kumwekea bastola sikioni.

"Rudi nyuma! Namlipua huyu!"

Mama Pasi akalegea mwili mzima, akaporomoka kama furushi la nguo chafu. Mwanya ukapatikana.

Paa!

Ndani ya tanuri la matofali walikuwemo wengine kumi na wanne. Mdogo wake alikuwa wa mwisho kutoka, akipepesa macho kwenye mwanga.

"Umekonda," alisema Mama Pasi.

"Na wewe umezeeka, dada."

Wakakumbatiana, wakalia kwa sauti bila kumwonea mtu haya. Mpole aligeukia ukutani akajifanya anakagua bastola.

Fundi viatu mmoja alimsogelea. Mkononi bado alikuwa ameshika kiatu cha mteja.

"Afande, sasa sisi twende zetu?"

Uzio ulikuwa umebomoka upande wa nyuma, na baada yake ni vichaka hadi barabara kuu. Kulikuwa na dakika kumi na mbili nzima kabla msaada haujafika.

"Kaeni kivulini," alisema Mpole. "Magari yanakuja. Mko chini yangu."

Wakakaa.

Magari yalikuja matatu. Ya kijani. Inspekta wa Uhamiaji alishuka na karatasi mkononi, akaanza kuhesabu vichwa. Mpole alipiga simu.

"Mkuu, hawa ni mashahidi wangu. Barua ziko wapi?"

"Muswada umepita saa nne. Barua zote za namna hiyo zimefutwa."

"Ulinipa neno lako."

"Nilikupa jana."

Simu ikakatwa. Mpole alimzuia Inspekta, akaonyesha kitambulisho, akabembeleza, akafoka. Inspekta alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akaendelea kuhesabu. Fundi viatu alimtazama Mpole mara moja tu. Lile jicho lilimuuma kuliko risasi, na lilimstahili.

Mama Pasi alikuwa akiutazama mgongo wa Inspekta.

"Mitatu," alisema taratibu. "Hawa ndio wenyewe. Hii pasi yangu ya Alhamisi."

Alimpandisha mdogo wake kwanza, kisha akapanda.

"Mama, nisamehe."

"Shati lako liko tayari, mwanangu. Namba arobaini na moja. Usimwachie dobi, atalipoteza."

Bungeni, pande zote mbili ziliisifu operesheni ile. Waliotaka wageni waondoke walisema sheria imefanya kazi. Waliotaka wabaki walisema utu umelindwa. Siku ya kutunukiwa nishani, Mpole alipitia kwa dobi. Kwenye pasi alisimama mwanamke mwingine, na redio ilikuwa imezimwa. Alilitoa shati kwenye mfuko wa nailoni, akaligeuza. Mgongoni palikuwa na mistari mitatu, iliyonyooka kabisa. Hakuwahi kumwomba ampigie hivyo.

Alilirudisha mfukoni, akaenda na lile alilokuwa amelivaa.

Ukumbini, Mkuu alimvalisha nishani, akainama sikioni kwake.

"Shati lako halijapigwa pasi."

"Ndiyo, Mkuu."

Mpole akapiga saluti. Akavaa miwani yake nyeusi, akashuka ngazi moja moja bila haraka, mfuko wa nailoni ukining'inia kidoleni. Waliokuwa pale walisema yule bwana hana wasiwasi hata chembe.