Waya wa Chumbani kwa Baba

Wanaosema majini huja usiku wa manane hawayajui majini. Huyu alikuja saa nane mchana, jua linawaka, mshonaji yuko kwenye cherehani yake, na fundi wa madishi amepiga magoti nyuma ya televisheni ya sebuleni akilalamika kwamba ukuta wa nyumba ile ni mgumu kuliko moyo wa mkwewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. King'amuzi kilikuwa kimoja, kipo sebuleni, na mshonaji alitaka picha ifike mpaka kwenye televisheni ya chumbani kwa baba yake. Mzee alikuwa kitandani mwezi wa kumi sasa tangu apigwe na kiharusi. Mtaani walimwita Mzee Redio, maana alikuwa hazimiki. Kiharusi kilimzima. Upande mmoja wa mwili ulikufa, na ulimi nao ukafa. Mshonaji angetoa chochote amsikie tena, hata akigombezwa.

"Dada, tusitoboe," fundi akasema. "Kuna waya wa zamani humu ukutani, na ncha yake nimeiona kule juu ya kitanda cha mzee. Natumia huohuo. Dakika tano tu."

Akaingia chumbani, akachomeka. Mara akapaza sauti: "Haya, picha hiyo! Safi kabisa!"

Mshonaji akatazama nyuma ya king'amuzi. Ncha ya huku ilikuwa bado sakafuni.

"Fundi, mbona huku hujachomeka?"

Fundi akarudi, akaitazama ile ncha, akaichomeka harakaharaka huku akicheka kicheko cha kulazimisha. "Mawimbi hayo, dada. Siku nyingine hujishikia yenyewe." Akakusanya vyombo vyake akaondoka. Hata maji aliyokuwa ameomba hakuyanywa.

Jioni ileile mshonaji alikuwa akipinda gauni la mteja aliposikia: "Mama, punguza sauti kidogo."

Mguu ukamganda kwenye pedali. Duniani ni mtu mmoja tu aliyekuwa akimwita mama. Alikimbia chumbani, akamkuta mzee amelala vilevile, macho yamemtoka, televisheni inawaka.

"Baba! Umesema?"

"Nimesema. Unashangaa nini? Ulidhani nimekuwa gogo?"

Mshonaji akapiga magoti akalia. Alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka majirani wakasikia.

Wiki mbili alizishona kwa furaha, akipiga soga na baba yake mlango ukiwa wazi. Mzee alimtania kwamba mishono yake imepinda kama miguu ya shangazi yake. Chumbani kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, mshonaji akajiambia ni dawa. Mzee alikataa chakula, mshonaji akajiambia ni joto. Mkono wa mzee ulio mzima ulikuwa ukikwaruza ukuta kuufuata ule waya. Mshonaji akadhani anataka rimoti, akamwekea kiganjani. Mzee akaitupa. Lakini ukipenda, chongo utaita kengeza.

Hata jambo la midomo alilifumbia macho. Sauti ilitangulia kusema, "Hamishia cherehani huku, mama," na midomo ya mzee ikaja kuchezacheza baadaye.

Siku ya kumi na tano umeme ukakatika mtaa mzima, feni ikasimama, friji ikanyamaza, televisheni ya sebuleni ikafa, na katika ukimya ule wa mchana ambao unasikia hata nzi akitua, sauti ya baba yake ikaendelea kusema chumbani bila kuvuta pumzi, mama njoo, mama hamia huku, mama kitanda ni kipana, na aliposogeza pazia akaiona televisheni ya chumbani ingali inawaka, ikionyesha chumba kilekile na kitanda kilekile, ila kitandani hakuna mzee, kuna mtu ameketi wima amempa mgongo, na mzee mwenyewe yupo hapa, mbavu zinahesabika, machozi yanamtiririka mpaka masikioni, na midomo ameifumba.

Fundi aliitwa, akaja shingo upande. Aliuvuta waya wa sebuleni, ukatoka ukutani wote. Ulikuwa kipande kisichozidi urefu wa mkono.

"Dada," akanong'ona, "huu haufiki chumbani. Haujawahi kufika."

"Na ule wa chumbani unatoka wapi?"

"Nimeupapasa. Unashuka chini. Unapita msingi, unashuka tu." Wakaingia chumbani kwa mzee, fundi akatoa plaizi. "Mimi si mganga, lakini waya naujua. Tukate."

"Ukikata, hatasema tena."

"Usipokata, utamzika! Mtazame alivyokwisha. Kila neno linatoka kwenye nyama yake."

"Mama," ikasema sauti, kwa upole, "usinizime."

Ndipo mkono wa mzee ukaushika waya, ukauvuta ukutani mpaka ukakaza, ukamwelekezea binti yake. Siku zote hizo alikuwa akiomba hilo. Mshonaji akampokonya fundi plaizi akakata mwenyewe, fundi akiwa nyuma yake anasoma dua zote anazozijua, mpaka ya kabla ya kula.

Televisheni ikazima. Harufu ikaondoka. Mzee akaguna, mguno mbaya wa kukwama, wake mwenyewe. Kabla jua halijatua alikuwa amemaliza bakuli zima la supu, na binti yake ameketi kando, wameshikana mikono, fundi ameshakwenda zake.

Sauti ikatokea sebuleni.

"Mama. Mbona umeniacha peke yangu? Njoo, mama."

Mzee akafumbua macho. Akaubana mkono wa binti yake kwa nguvu zote zilizombakia, akatikisa kichwa: usiende.

Mshonaji alijua. Hakuna aliyejua kuliko yeye. Lakini jamani, ile ilikuwa sauti ya baba yake, ndiyo yenyewe, na huyu aliyemshika hangeweza kumwita mama tena mpaka siku ya kufa. Akavifungua vidole vya mzee kimoja kimoja, polepole asimwumize, akaenda sebuleni.